Nahodha wa Mchana

4 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na unakula kitu kingine zaidi ya mkate na chai. Mimi mwili wangu mzima. Ulisema simu inakukatia maneno, na haya ya leo sitaki yakatwe, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Baba, nimefeli. Si mtihani wa darasani, huo nimeutolea jasho: mafundo, ramani, sheria za kupishana majini, vyote nimepita. Nimefeli macho. Daktari alinifungulia kitabu chenye madoa ya rangi rangi, akaniambia nisome namba iliyomo. Nikamuuliza, namba ipi? Akadhani natania. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, mpaka akaacha kutabasamu. Baharia mwenzangu aliyekuwa akingoja mlangoni alikuwa anazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, wala hakuwa amekaza macho. Mimi naona madoa tu.

Ati sitofautishi nyekundu na kijani. Nikamwambia nimezitofautisha tangu nizaliwe. Akaniuliza sweta lake lina rangi gani. Nikajibu kahawia. Akaguna, akaandika.

Unajua jambo hili lina uzito gani kwangu. Nahodha wetu mzee anastaafu mwishoni mwa mwezi wa tano, na ofisi imeniahidi boti yake, ile inayopeleka mafundi kwenye meli zilizotia nanga nje. Anayeiendesha anapewa na nyumba, vyumba viwili nyuma ya gati, na kimoja nimeshakiita chako. Bila cheti cha unahodha nitarusha kamba mpaka nizeeke, nawe utaendelea kukaa huko peke yako.

Imebaki nafasi moja. Mwezi wa tano kuna kipimo cha taa, ndani ya chumba chenye giza. Lakini daktari alisema neno ambalo halinitoki. Alisema mwanamke hawi na macho haya mpaka baba yake awe nayo. Nikamwambia baba yangu ameendesha basi maisha yake yote. Akasema, muulize. Basi nakuuliza, Baba.

Mwanao

—

19 Machi

Mwanangu, mama,

Marahaba. Mimi sijambo. Goti lipo na mimi nipo, tunavumiliana. Shangazi yako alikuja kunisimanga kuhusu vumbi, akaondoka. Nyumba imenyamaza sana tangu mama yako atutoke, mpaka saa ya ukutani naiona ina kelele.

Sasa nisikilize. Huyo daktari akupime wewe, mimi aniache! Nimeendesha basi tangu kabla hujazaliwa na sijavuka taa nyekundu hata siku moja. Nyekundu iko juu, kijani iko chini, hata mtoto anajua. Jua likiipiga taa usoni, wewe angalia imewaka ya juu au ya chini, basi. Mtu aangalie kitu kiko wapi, asijichoshe kuangalia kinafananaje. Mambo ya rangi yalikuwa ya mama yako. "Usivae hilo, vaa hili." Kila asubuhi ya Mungu! Alipenda kutawala yule, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo na wewe fanya hivyo. Si uliniambia kwenye boti nyekundu iko kushoto na kijani kulia? Basi umeshafaulu. Hicho chumba kishikilie, nitakuja na kiti changu.

Baba yako, dereva asiye na kosa

—

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi nipo, nimekondeana kidogo kwa mawazo.

Mbinu yako ni nzuri kwa boti yangu mwenyewe. Lakini usiku boti ya mwingine inapokuja, mara nyingi naona taa moja tu. Ikiwa nyekundu, ananikatiza kutoka kulia, mimi ndiye wa kumpisha. Ikiwa kijani, yeye ndiye wa kunipisha mimi. Taa moja, Baba, peke yake kwenye giza. Haina juu wala chini.

Nahodha mzee alijaribu kunisaidia. Alifunika tochi kwa karatasi za peremende, akawa ananiuliza. Nilipata nusu, nayo kwa kubahatisha. Hakunilaumu, alikwenda akachemsha chai tukanywa. Wenzangu wao wamepata mchezo. Mtu ananyanyua ndoo, "Nahodha, hii rangi gani?" Nami nacheka nao, halafu naenda kusugua sitaha ambayo nimeshaisugua. Chumba ninacholala tuko wanne na hakuna ninayeweza kumweleza.

Naomba ufanye jambo moja. Chukua soksi zako, nenda kwa jirani yako fundi viatu, wewe taja rangi zake kwanza halafu naye ataje. Sitaki kukuaibisha. Nataka tu kujua kama niko peke yangu.

Mwanao

—

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na sijui kama unaumwa au umenikasirikia. Shangazi anasema u mzima, ila huongei.

Kipimo nimefanya. Waliniketisha kwenye chumba chenye giza, mwisho wa chumba zikawa zinawaka taa ndogo kama tundu la sindano. Mtu nisiyemwona anasema, "Taja." Nikataja. "Taja." Nikataja. Hasemi umepata wala umekosa. Nilipofika ya tano au ya sita nilijua nadanganya. Nikamwambia, "Samahani, hii sijui." Akasema, "Asante." Iliyofuata pia nikasema sijui. Mpaka mwisho nikawa nasema sijui, sijui, na machozi yananitoka, nikashukuru kwamba hakuna anayeniona.

Cheti wamenipa, Baba. Kimeandikwa: mchana tu, jua kuchomoza hadi kuzama. Boti ya nahodha mzee inafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo amepewa yule aliyekuwa anasoma namba mlangoni. Nyumba nayo imekwenda naye. Jana nilimsaidia kubeba godoro.

Kuna kampuni ya kufuga samaki inataka nahodha wa kupeleka wafanyakazi kwenye vizimba asubuhi na kuwarudisha alasiri. Ni mbali zaidi na nyumbani, na ni chumba kimoja. Sijui nikubali au nifunge mizigo nirudi. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

—

14 Juni

Mwanangu, mama yangu,

Pole. Pole sana. Mimi mzima, na sikukasirika. Niliona haya.

Barua yako ya soksi ilipofika niliicheka, nikaitia chini ya redio. Siku zile nilikuwa napaka rangi mlango wa mbele. Mama yako aliupenda uwe wa kijani, na ulikuwa umebabuka. Kopo la zamani likaniishia katikati. Nikaingia stoo, nikapata jingine, nikamalizia. Nikasimama barabarani nikajipongeza. Watu wakawa wanapita wanatabasamu, nami nawapungia mkono, nadhani wanasifu kazi. Wiki nzima! Mpaka shangazi yako alipokuja, akasimama nje bila kubisha hodi. "Kaka, huu mlango umelewa?" Nikamwambia aache mzaha. Akanieleza kwamba juu ni kijani na chini ni rangi ya udongo. Nikambishia. Akamwita fundi viatu, ili tumalize ubishi. Fundi viatu akautazama, akainamisha kichwa. Hapo nikajua.

Niliingia chumbani nikafungua kabati. Nguo zangu zimepangwa shati, suruali yake, soksi zake, halafu shati jingine. Mama yako alizipanga hivyo, nami navaa kwa zamu kuanzia juu. Hata sasa nikifua narudisha palepale. Nilidhani ni unadhifu wake tu. Kumbe alijua, mama. Alijua miaka yote, na hakunisema, hakunicheka hata mbele ya ndugu zake. Alinichagulia nguo na nyanya na rangi ya mlango, na mimi nikamwita mtawala. Natamani kumwambia asante, na wa kuambiwa hayupo. Ndiyo maana sikuweza kukuandikia. Kila nilipoanza nilimwandikia yeye.

Hauko peke yako. Ni mimi niliyekupa macho hayo. Ningejua, ningekupa kitu kingine.

Ikubali hiyo boti. Umesema "sijui" mbele ya watu wanaotaka ujue, na abiria wangependa dereva wa namna hiyo. Nahodha wa mchana ni nahodha. Mimi basi langu lilikuwa la mchana, na hakuna abiria aliyewahi kuniuliza usiku niko wapi.

Baba yako

—

8 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Asante kwa kuniandikia.

Leo nimekuwa nahodha. Nilipeleka watu wanane kwenye vizimba na kuwarudisha wanane, wamelowa na wananuka samaki, na wa mwisho kushuka akasema, "Asante, nahodha," bila utani. Nilifunga kamba jua bado liko juu. Kisha wote wakaenda kwao. Nikageuka nimwambie mtu, na hapakuwa na mtu.

Chumba changu kina dirisha moja linaloangalia gati, kitanda, jiko la mafuta na ndoo. Saa za jioni hapa ni ndefu, Baba, sijui nizifanyie nini. Boti za wengine zinatoka na taa zao, nami nimekaa dirishani nazisikia injini. Nilikuahidi chumba na sikukipata. Hiki ni kimoja tu, lakini kitanda nitakupa wewe, mimi nimezoea kulala sakafuni. Njoo. Sikuombi kwa ajili yako. Ni mimi ninayekuhitaji.

Mwanao

—

21 Julai

Mwanangu,

Marahaba, nahodha. Mimi mzima.

Nilikuwa nimeshaandaa barua ya kukataa. Niliandika kwamba siwezi kuiacha nyumba. Shangazi yako akaisoma, akaniuliza nyumba inanipa nini zaidi ya saa ya ukutani. Nikaichana.

Jana nilizitoa nguo kabatini ili nizifunge. Nilizibeba zote kwa mara moja, uvivu wa kiume, zikaniponyoka mlangoni. Zikachanganyika sakafuni. Nikaokota shati, nikaokota suruali, sikujua ipi ni ya lipi. Mpango wa mama yako ukawa umekwisha, na ndicho kitu cha mkono wake kilichokuwa kimebaki mle ndani. Nilikaa chini nikalia, mwanangu. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi. Shangazi yako akataka anipangie upya. Nikamwambia asante, aziache.

Nimezitia begini hivyohivyo. Nakuja na basi la Jumamosi. Mlango nimeuacha na rangi zake mbili. Nikishuka, wewe hutaona nimevaa vituko gani, na mimi sitaweza kukuambia. Ukisikia watu wanacheka kituoni, sogea huko. Ndiko niliko.

Baba yako