Tovuti Yangu Ilitangaza Ngurario Ambayo Haijafanyika

Kwako Shangazi Phyllis,

Naomba unisaidie na tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu huku Mukurweini kila mtu anajua kila mtu, na mimi tayari siwezi kupeleka maziwa bila kujifunika na kofia ya sweta.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, si mtu wa maneno mengi, hata darasani mwalimu akiniuliza kitu naangalia meza, lakini mambo ya simu nayaelewa, kwa hivyo dada yangu Wamucii alipopata mchumba, kijana wa Meru anaitwa Koome, nilisema hapa ndipo na mimi nitaonekana, nikachukua ile AI ya kutengeneza tovuti, nikaiandikia majina yao kwa Kiingereza, nikaweka picha, nikaiambia itunge hadithi ya mapenzi yao, na Shangazi, chai yangu haikuwa imepoa na tovuti ilikuwa imesimama, maua juu, picha zinateleza, Kiingereza kitamu kama cha vitabu.

Sasa ndani ya hiyo hadithi iliandika ati familia mbili zilishakutana, mbuzi akachinjwa, ngurario, ile sherehe ya kimila ya kukamilisha ndoa, ikafanywa kwa shangwe na Wamucii akakabidhiwa kwa wakwe. Haijafanyika! Watu wa Koome wamekuja mara moja tu, kuhanda ithigi, ile safari ya kwanza ya kusema tumeona msichana hapa. Hiyo siku Koome aliogopa mpaka akamkumbatia Mzee Gathogo, rafiki wa Baba, akimwita baba mkwe, na Baba akasema, "Mchukue basi Gathogo, mimi nibaki na mbuzi," watu wakacheka nikamwaga chai. Hilo sikuiambia AI, niliona ni mambo ya kishamba.

Nilisoma ile sehemu ya ngurario, Shangazi. Nilijua si kweli. Lakini ilikuwa imeandikwa vizuri sana, nikasema ni nani atasoma mpaka huko chini, nikabonyeza, nikatuma linki kwa grupu ya familia. Wamucii aliangalia picha tu. Shangazi zangu wakanisifu mpaka nikaona haya.

Halafu binti ya Mzee Gathogo akamsomea babake. Asubuhi mzee akamkuta Baba kwenye foleni ya kupima maziwa.

"Kwani mlichinja? Na mimi niliyekaa na wewe siku ya ithigi?"

"Tulichinja nini?"

"Si tunaambiwa na simu siku hizi! Ama mlikula mkiwa mmefunga mlango?"

Watu wakacheka. Baba alirudi nyumbani na mtungi bado umejaa, hakupima. Akaniuliza, "Haya maneno ulipewa na nani?" na Shangazi, sijui ilitoka wapi, nikasema, "Nilipewa na Koome."

Sasa Baba anasema watu wa Koome wanataka kumruka yeye na wazee wake. Walikuwa waje mwezi ujao kupanga siku ya ngurario yenyewe, na Baba ameambia Wamucii, "Waambie wasikuje." Wamucii analia na hata kula hali. Baba alipompigia Koome akamtukana, yeye alisema tu, "Pole, mzee." Halafu akanitumia ujumbe: "Usijali, shem. Mzee atapoa." Heri angenitukana. Tovuti bado iko, naogopa nikiitoa watajua kosa ni langu. Nikisema ni AI iliandika, si hiyo itatosha?

Mwenye aibu, Mukurweini

*

Binti yangu,

Weka gazeti chini, kaitoe hiyo tovuti, halafu urudi tuongee.

Umerudi? Haya. Kusema ni AI hakutatosha. Mashine haikuwa kwenu siku ya ithigi. Wewe ulikuwa, na birika mkononi. Haikujua kilichotokea, ikajaza pengo kwa maneno ya harusi za watu wengine, ndivyo inavyofanya. Wewe uliyejua ulisoma, ukabonyeza. Hilo ningekusamehe haraka, ulitaka kusifiwa, na nani hataki? Lakini "nilipewa na Koome" haikuandikwa na mashine yoyote. Hiyo ni ya kinywa chako, na inaweza kuvunja ndoa ya dada yako.

Leo hii mwambie Wamucii. Usimwache alie siku nyingine kwa kosa ambalo Koome hakulifanya. Kisha muende pamoja kwa Baba. Usimwandikie ujumbe. Ulimi ukikataa, sema hivi tu: "Baba, Koome hakunipa maneno. Nilidanganya." Atapiga kelele. Mwache apige, ana haki.

Ukifikiri hapo umemaliza, bado. Babako alichekwa mbele ya watu, ati amekula ngurario ya mtoto wake kwa siri. Kwa mzee wa kwetu hilo si jambo dogo, na haliwezi kusafishwa jikoni kwenu. Kwa hivyo asubuhi mtungi utabeba wewe. Vua hiyo kofia. Ukimpata Mzee Gathogo kwenye foleni, mwambie mbele ya hao hao waliocheka kwamba hakuna mbuzi aliyechinjwa, Baba hakumficha kitu, ni wewe. Najua umezoea kuangalia meza. Huko hakuna meza. Shika mkono wa mtungi, uongee.

Koome mpigie simu akusikie sauti, umwombe msamaha. Kijana aliyebeba matusi yako na bado akakuita shem! Dada yako alichagua vizuri, mwambie Baba na hilo pia.

Watu wa Koome wakija, kumimina chai ni kazi yako, usijifiche chumbani. Tovuti irudi ngurario ya kweli ikishafanyika, na uiandike wewe, kwa Kiswahili, Baba asome mwenyewe. Anza na Koome akimkumbatia mzee asiye wake. Unaita ushamba, na mimi hapa ofisini nimecheka peke yangu mpaka wakaja kuniangalia. Kabla hujabonyeza, mpelekee Mzee Gathogo umsomee, umuulize kama ndivyo ilivyokuwa.

Shangazi Phyllis