Kwa Mama, Aliyesubiri Wateja Barazani

Ni mwaka mmoja sasa, mama, tangu ile homa ya mapafu ikuchukue, na kiti chako cha kusukia bado kiko barazani. Hakuna aliyethubutu kukikalia, hata baba.

Ulisuka watoto wa shule, maharusi, na wazee wasiotaka mvi zao zionekane. Chanuo halikutoka nyweleni mwako, ndiyo maana mtaa mzima ukakuita Chanuo. Mtoto akilia ulimwambia urembo ni udhia, kisha ukamlegezea. Wasio na uwezo uliwasuka bure, ukisingizia kwamba unajaribu mtindo mpya.

Baridi yabisi ilipokushika vidole, kila asubuhi uliviloweka kwenye maji ya moto mpaka vikunjuke. Kichwa ulichozoea kukimaliza kabla ya chakula cha mchana kikawa kazi ya kutwa nzima. Wateja hawakulalamika, nawe hukulalamika. Tuliolalamika ni sisi, kwa kukuonea huruma.

Tukakaa kikao bila wewe. Simu yako akaishika dada, akawa anawaambia wote waliopiga kwamba umeacha kusuka. Baba naye, kwa kuwa duka lake la mabomba liko pale kona, akawarudisha kwa upole waliokuwa wanakuja kwa miguu. Wewe hatukukwambia, maana tulikujua: ungetufukuza kwa hilo chanuo.

Uliendelea kukaa barazani ukiangalia njia. Mwanzoni ulitania kwamba labda watu wote wamenyoa. Baadaye utani ukaisha. Chakula ukawa unakigusa tu, kuoga mpaka uhimizwe, mchana kutwa umelala umegeukia ukuta. Daktari akasema ni sonona, akauliza kama kuna jambo lililobadilika nyumbani. Tukatazamana, tukasema hakuna.

Siku moja ulimuuliza dada, "Hivi mikono yangu imeharibika kiasi hicho? Hata mmoja hataki nimguse kichwa?"

Dada akakujibu, "Wewe pumzika tu, mama." Akaenda kulia jikoni. Tulijiambia kwamba ukweli ungekuumiza zaidi. Kusema kweli, tuliogopa ungetukasirikia.

Dawa za vidole ulikunywa, na za sonona pia. Kumbe ulihitaji kichwa kimoja tu cha kusuka, hata kama kingekuchukua siku mbili. Kwako kazi ile ilikuwa ndiyo sababu ya kuamka, nasi tuliiona mzigo.

Siku ya maziko wateja wako walijaa mpaka barabarani. Mwalimu mmoja, uliyemsuka tangu akiwa mdogo, alimshika baba mkono akamwambia, "Tulitamani kuja hata kumsalimia tu. Tukahofia ataona tunamlazimisha kazi." Majuto ni mjukuu, mama, na huyu wetu amehamia nyumbani moja kwa moja.

Tunaokukumbuka ni mumeo, binti yako mkubwa muuguzi, mwanao dereva wa lori na mkewe, mkwe wako, wajukuu zako wanaosukwa sasa na watu wengine, na mimi kitindamimba ninayeandika haya. Wateja wako tumekwisha kuwaomba radhi, mmoja mmoja. Wewe ndiye hatukuwahi kukuomba.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, na hili tunalisema leo watu wote wasikie: hawakukuacha, mama. Tuliwarudisha sisi.