Chandarua cha Kabula

Jumapili, 5 Januari 2025
Mvua siku ya nne. Majaruba yamejaa mpaka nyuma ya nyumba. Miche yangu ya mpunga imechomoza — Bariadi nzima hakuna wa kunifikia! Shida kuku wa jirani, Machibya. Wanafukua kama vibarua. Nimechukua chandarua cha Kabula, kile kipya cha kliniki, nimetandaza juu ya kitalu. Kabula ni mtoto wa dada yangu, mimba miezi saba, mumewe anavua samaki ziwani, huko Nassa. Akauliza, mjomba, na mimi je? Nikamwambia kwangu mbu anabisha hodi kwanza. Akacheka.

Jumamosi, 11 Januari
Mvua imekata. Jua siku tano. Maji yamesimama vuguvugu, viluwiluwi vya mbu vinajinyonganyonga. Kapita Domitila, mhudumu wa afya wa kijiji. Anasema mvua kubwa huwasomba, ila ikikatika hivi, maji yakapata joto, wiki moja tu wanaruka. Akauliza, chandarua cha Kabula kiko wapi? Nikasema kimefuliwa. Nikamsimulia mwaka wa elinino, nilivyolala majini siku tatu nalinda ng'ombe, mbu wakaniuma wakafa wao.
Akasema, "Baba, wewe sawa. Huyu ana mtu ndani."
Kuku wameshindwa!

Jumanne, 14 Januari
Usiku, makofi ya kuua mbu chumbani kwa Kabula. Paa. Paa. Kesho nakitoa chandarua kitaluni.

Ijumaa, 17 Januari
Sikukitoa. Miche ilikuwa bado midogo.
Leo Kabula anatetemeka juani. Juani! Kavaa koti langu la msibani, meno yanagongana. Nimemwambia ni uchovu wa mimba. Mwenyewe siamini. Nimekimbia kitaluni, nimeking'oa, kina matope, kimechanika pembeni. Nimesuuza, nimemtundikia kingali kinachuruzika. Akasema asante mjomba. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 18 Januari
Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati.
Kipimo kimetoa mistari miwili. Malaria. Nesi Felisita anasema damu imepungua sana, gari la kumpeleka hospitali limeitwa. Lini linafika? Barabara mbovu, anasema, tuombe Mungu. Kabula yuko kitandani, mlango wazi, naona miguu yake. Anasema mtoto hajacheza tangu asubuhi.
Nesi akaniuliza mbele yake, analala kwenye chandarua?
Kila siku, nikasema. Neno limetoka lenyewe. Mimi!
Kabula alisikia. Akageukia ukutani.
Nesi akaandika. Akashangaa, mbona hivi vipya havisaidii?
Hapa benchini kuna mama mwingine, tumbo kubwa kama la Kabula, chandarua chake kimo kwenye mfuko, kapewa sasa hivi. Akadakia, "Kumbe ni bure tu! Basi changu nafunikia nyanya."
Nesi kaingia ndani na dripu.
Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Wamekaa watu sita hapa, wote wananijua, juzi tu nilikuwa nawachekesha.
Mama amesimama. Anafunga kanga vizuri. Ameshika mfuko wake.
Yuko mlango wa nje —