Vitenzi vya Kutwaa, na Mkono wa Tata

Jumatatu, 8 Machi 1971

Nimemaliza kusahihisha madaftari ya Kidato cha Pili. Insha zote zinafanana. Kila mtoto alipotea sokoni Marani na kila mtoto alipatikana. Mvua tangu saa nane.

Nimerudi kwenye tasnifu. Sura ya kwanza imekaa sawa. Kwa Waslavi wa kale, kitenzi cha kutwaa ndicho kilichozaa kitenzi cha kuwa na kitu. Mtu alitwaa kwanza, ndipo akawa nacho. Mzizi huohuo ukatoa maneno ya kukopa, ya kupangisha, hata ya kuelewa. Profesa wangu kule Belgrade anaitaka kazi yote kabla ya mwaka kuisha. Hapa Manga hakuna wa kujadiliana naye ila mke wangu Milena, na yeye amechoka nayo. Anasema maneno hayo amezaliwa nayo, ya nini kuyachimba kama viazi.

Naandika humu kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hapa hakina mwenyewe. Ekegusii ni cha Tata, baba yangu, na Mama, Kiingereza ni cha shule, Kiserbia ni cha Milena. Hiki kimebaki changu.

Alhamisi, 11 Machi

Mama leo kamsifu Milena mbele ya wanawake wa kanisani. Alimwona akishuka njiani, Milena akamwona Tata anapanda, akaingia kwenye majani ya kando akainamisha kichwa mpaka mzee akapita. Mama anasema hata wakwe wengine waliozaliwa huku hawafanyi vizuri hivyo.

Nimefurahi kupita kiasi. Maana siku ile ya kwanza tulipofika, Milena alimwendea Tata moja kwa moja na kumpa mkono, uso mzima tabasamu. Tata alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ghala la mahindi. Watu walicheka, wengine walishika midomo. Mkwe na baba mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Ndiyo chinsoni yetu, haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto, na huku ukikosa hiyo umekosa yote. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo nimemfundisha kama ninavyofundisha darasani. Ukikutana naye, kando. Akikupa kitu, akiweke chini kwanza. Mikono yako, nyuma ya mgongo. Alipoanza kubisha nilimwambia mwacha mila ni mtumwa. Akaniuliza, na anayeishika je? Nikaendelea na somo.

Jumapili, 21 Machi

Kazi imekwenda. Kitenzi *brati* kinanipendeza kuliko vyote. Kwa Warusi ni kuchukua. Kwa kina Milena ni kuchuma matunda na maua. Lakini ukirudi nyuma kabisa kilikuwa kubeba mzigo. Na sisi tuna mambo hayohayo: mchukuzi ni mbeba mizigo, wala hachukui cha mtu. Wengi husema neno lao la ndoa limetoka humo pia. Kwao watu wawili *wanatwaana*. Kwetu mmoja anaoa, mwingine anaolewa.

Milena alikuwa shambani anachuma chai na Mama. Nilimwita dirishani kumwambia habari ya *brati*. Akaniinulia kikapu nikione, akaendelea kuchuma.

Jumanne, 6 Aprili

Shule zimefungwa. Nilitegemea kuandika mchana kutwa. Nimekwama kwenye *hvatati*, kudaka, kukamata kwa ghafla. Wataalamu wanabishana juu ya asili yake na kila mmoja anamwona mwenzake mjinga. Mimi sioni mbele wala nyuma.

Mvua haikati. Njia ya mtoni imekuwa sabuni.

Ijumaa, 16 Aprili

Tata ameanguka.

Alikuwa anarudi kutoka shamba la ndizi ng'ambo ya mto. Milena alikuwa anakwenda kituo cha kuuzia majani ya chai, kikapu mgongoni. Walikutana penye magogo tunayovukia. Milena akasimama kando, kama kawaida. Tata akateleza kwenye ukingo. Akamnyooshea mkono.

Milena akarudisha mikono yake nyuma.

Mzee ameanguka juu ya mawe. Mfupa wa nyonga. Tumembeba kwa machela ya miti hadi barabarani, mdogo wangu Onchiri mbele, mimi nyuma. Hakulia. Alikuwa anauliza tu kama ndizi zake kuna mtu amezichukua.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimemwuliza Milena kwa nini hakumshika. Nimemwuliza kwa sauti kubwa, Mama akisikia ng'ambo ya ukuta. Akaniangalia kama mtu asiyenijua. Akasema kwa Kiserbia, taratibu, "Wewe ndiye uliyeniambia."

Na kweli ni mimi. Sikuwahi kumwambia kwamba mtu akianguka, akizama, akiungua, chinsoni inawekwa kando. Unamshika kwanza, mengine wazee watayasema baadaye na yatakwisha. Hakuna anayefundishwa hilo. Mtoto wa huku analijua kama anavyojua kwamba moto unachoma. Nilimpa sheria yote nikasahau kumpa akili yake. Mwalimu gani mimi.

Jumatano, 21 Aprili

Jirani mmoja alikuwa akilima upande wa pili wa bonde. Aliona yote. Sasa mpaka Itumbe wanajua kwamba mzungu wa Mwalimu alificha mikono mzee akianguka. Wanawake hawamsubiri tena kwenda kuchuma. Jana kituoni walimwachia nafasi pana kwenye foleni, ya kutosha ng'ombe.

Milena ameniomba jambo moja tu. Niwaambie watu kwamba ni mimi niliyemfundisha. Kwamba hakuwa na moyo mbaya, alikuwa anatii. Hataki kingine.

Nimemwambia nitasema. Ngoja kwanza Tata apate nafuu.

Jumatatu, 3 Mei

Hospitalini. Tata amekonda, kifua kinakoroma. Mimi na yeye hatujazoea kuongea. Hata mimi nina chinsoni yangu kwake. Tuliongea habari za ndama. Kisha akageukia ukuta akasema, "Mke wako ana heshima. Asisumbuliwe."

Pale ndipo ningesema. Tata, kosa ni langu. Maneno machache tu. Nikamwuliza kama ameshakunywa uji.

Nina aibu. Siandiki neno jingine leo.

Jumamosi, 8 Mei

Leo Sabato. Kanisani hakuna aliyekaa benchi la Milena. Mama naye alikwenda kukaa na dada zake. Sijui kama ni kwa hasira au ni kwa uchovu. Onchiri ndiye pekee aliyemsalimia. Mzee wa kanisa alitualika tuombe pamoja baada ya ibada. Nafasi nyingine hiyo. Nilisema tunaharakisha hospitalini.

Njia nzima Milena alitembea mbele yangu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 12 Mei

Tata amefariki alfajiri. Nimonia, wamesema. Kwa mzee aliyelazwa chali ndiyo huja.

Onchiri analia kama mtoto. Mimi bado. Nimefungua tasnifu, nimesoma ukurasa mmoja, nimeifunga. Hakuna upuuzi kama huo duniani, mtu mzima kushindana na vitabu juu ya kudaka.

Ijumaa, 14 Mei

Tumemzika kabla ya Sabato kuingia. Watu wengi sana. Ndizi zimeinamishwa na mvua, kaburi limejaa maji, vijana wakawa wanayachota kwa ndoo.

Mimi ni kifungua mimba, nikapewa nafasi ya kuzungumza. Milena alikuwa amesimama peke yake kwenye ua wa nyuma, kitambaa kichwani kama Mama alivyomfunga mwaka jana. Nilimwona. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, kwa Ekegusii safi. Nikaanza na bidii ya Tata. Nikaenda kwenye chai yake, jinsi alivyokuwa wa kwanza kupanda huku kwetu wakati wengine wakisema ni majani ya wazungu. Watu wakacheka vizuri. Nikaendelea kwenye kanisa. Nikaona nyuso zile zote, wazee mbele na fimbo zao, nikafika kwenye shukrani kwa waliotoka mbali.

Nikakaa chini.

Milena anaelewa Ekegusii cha kutosha. Alisikia nilichosema, na akasikia nilichoacha.

Jumanne, 18 Mei

Hajakasirika. Ningependa akasirike. Anafua, anapika, ananiwekea chakula mezani. Nimemwambia nitaita kikao cha ukoo, niseme. Akasema, "Sasa utamwambia nani? Aliyestahili kusikia amekwenda."

Anataka kurudi kwao. Kutembea, anasema. Mama yake ni mgonjwa. Sijawahi kusikia mama yake ni mgonjwa.

Jumatatu, 7 Juni

Nimemsindikiza mjini Kisii kupanda basi la Nairobi. Baridi, ukungu juu ya mabati. Onchiri alimbebea sanduku. Milena alimpa mkono, wakapeana vizuri, shemeji na shemeji hakuna neno.

Mimi nilisimama. Nilikuwa na la kusema. Usiende. Nisamehe. Lolote. Lugha nne kichwani mwangu na sikupata hata moja. Niliuliza kama pasipoti anayo. Akasema anayo.

Tukarudi na Onchiri kwa miguu mpaka njia panda. Akaniambia, bila kuniangalia, "Kaka, wewe ni msomi lakini ni mwoga." Mdogo wangu hajawahi kunisemesha hivyo.

Jumapili, 20 Juni

Leo nimemwambia Mama.

Alikuwa jikoni anachambua chinsaga, mboga zetu chungu. Nilikaa kwenye kigoda cha watoto nikasema yote, tangu siku ya ghala la mahindi. Kwamba ni mimi niliyemwambia Milena mikono nyuma. Kwamba niliahidi kusema nikanyamaza hospitalini, nikanyamaza kanisani, nikanyamaza mazikoni.

Mama hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza amejuaje.

"Baba yako aliniambia siku ileile aliyoanguka. Alikuwa anaona haya kwamba yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Akasema mkwe wake amemzidi heshima, na kwamba lazima kuna mtu alimfundisha nusu. Sisi sote wa nyumbani tulijua ni wewe."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuwaambia watu. Kwa nini alimwacha binti wa watu akatengwa, akakaa benchi peke yake.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ni mke wako, Makori. Tulikuwa tunangoja uje umtetee."

Akatia mboga kwenye sufuria. Akaniambia nisogee, ninamzibia moto.