Mama Mswidi Aliyeshindwa Kura

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Muyeye sijambo, mgongo tu umechoka na kazi ya kujenga kwa mawe. Nyanya yako kanipigia, mguu wake umepona.

Unauliza utarudije kushona sokoni baada ya kushindwa kiti cha wadi. Ujanani mimi na waashi wenzangu tulimjengea nyumba hapa Malindi mama Mswidi, mbunge kwao, akijua Kiswahili. Siku moja alikuja kutoka kwao, akatwambia ameshindwa kura. Tukaacha kazi, tukaketi chini kama matangani.

Fundi mkuu wetu akasema, "Pole kwa msiba, mama."

"Kafa nani?"

"Kiti chako."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi ni mkunga. Narudi kuzalisha."

Wali wa mchana ulipoletwa, akala wake wote. Sisi tuliomlilia ndio hatukula, na mpaka leo najiuliza kwa nini.

Jumatatu fungua kibanda, mama. Shule zinafunguliwa, watoto wanataka sare.

Babu yako,
Mutua