Mlamula Alioupanda Baba

Kibeta, Bukoba
Jumapili

Kaka Byarugaba,

Salamu kwako, kwa wifi Edvina na kwa watoto. Natumaini hamjambo huko Muleba, juu kilimani, mnakolala pakavu. Sisi hatujambo, kwa kusema tu. Naandika kwa kuwa simu yangu umeacha kuipokea. Barua hii anakuletea Protase wa duka la dawa, na nimemwagiza asiondoke mpaka umeisoma.

Mvua ya juzi ilianza alfajiri, haikupumzika. Mto ulipopanda ulikuta ukuta wako. Maji yakikosa njia hayarudi kuomba radhi. Yaligeuka yakaingia kwangu, ndani ya nyumba ya baba ambayo yalikuwa hayajawahi kuigusa. Mama, unayejua hawezi kushuka kitandani peke yake, nilimkuta godoro limelowa, ameshika rozari. Nilimbeba mwenyewe. Amekuwa mwepesi sana, kaka, na hilo nalo ulijue.

Nilikuwa nimekuomba mapema ufungue hata tundu ukutani. Ukajibu kwamba hati unayo, kiwanja ni chako, asiyependa ahame. Mtendaji alipokukumbusha sheria ya kuacha ukingo wa mto, ulimwambia akaisomee nyumbani kwake. Una kiburi wewe! Na kiburi chote umekijenga juu ya ule mlamula. Siku ya kumaliza matanga ya baba ulisimama mbele ya ukoo ukasema kila Mhaya anajua mlamula ni mmea wa mpaka. Basi kule chini yake, upande wa mto, tulikokuwa tukikata nyasi za kutandika sebuleni, ni fungu lako mrithi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ukaung'oa, ukamwaga kifusi, ukajenga vyumba vya kupangisha na ukuta wa kuvizunguka.

Sasa sikia. Jana mama akinywa uji aliniuliza kwa nini mlamula uling'olewa. Akasema baba hakuwa akigawa urithi. Aliupanda baada ya yale mafuriko makubwa, mimi ningali mgongoni, palepale maji yalipoishia, ili mtu yeyote wa nyumba hii asijenge chini yake. Nikamuuliza mbona hakusema mbele ya ukoo.

“Nani aliniuliza?” akasema.

Basi leo, baada ya misa, ukuta wako tumeuvunja, mimi na majirani. Nyundo ya kwanza nimepiga mimi. Ukitaka njoo na polisi, njoo na hati yako, utanikuta nimekaa hapohapo napanda mlamula mwingine.

Wasalimie watoto, wao hawana kosa. Mungu akupende, maana mimi leo nimeshindwa.

Mama naye anakusalimu. Matofali yako yaliyobaki mazima nimeyapanga chini ya miguu ya kitanda chake, kimeinuka hadi usawa wa dirisha. Ameniambia nikuandikie kwamba ni imara.

Mdogo wako,
Vestina