Mume Wangu Hajanitia Presha

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi. Karafuu za majirani zinaanikwa na kuanuliwa, zinaanikwa na kuanuliwa. Mimi leo sina cha kuanua. Nimeshinda mlangoni kwangu hapa Jadida, Wete, simu mkononi, nimevimba kama andazi.

Kisa chenyewe ni sauti ya dakika mbili.

Nesi wa kituo chetu hutuma video za presha kwenye grupu la akina mama. Nzuri, zina michoro ya moyo na mishipa. Hakuna anayezifungua. Zinakula bando, na msemaji wake anaongea kama anasoma hukumu. Nesi akaniomba miye, kwa kuwa mdomo wangu unajulikana Wete nzima, nirekodi maelezo hayo kwa Kipemba chetu. Nikakubali bila kujivunga.

Nikasema mimi Raya, miaka hamsini na mbili, nina presha, nameza kidonge kila siku. Nikasema siku niliyopimwa nilikuwa sisikii chochote, si kichwa si kizunguzungu, nikadhani mashine ya nesi ndiyo mgonjwa. Nikawaasa wapunguze chumvi. Nakiri: nilipokuwa nikiasa, papa mkavu wa chumvi alikuwa anachemka nyuma yangu pamoja na muhogo.

Sauti ikasambaa. Ikafika Ole, ikafika mpaka Chokocho kwa wakwe zangu.

Na huko ndiko ulikowaka moto.

Kwetu mke akisema ana presha, hakuna anayeuliza habari za chumvi. Watu huuliza mume kamfanya nini. Presha ni mawazo, wanasema, na mawazo ya mwanamke aliyeolewa yana jina moja tu. Basi mume wangu Faki, mtu asiyeweza hata kumfukuza kuku jikoni, kufika barazani hapa mtaani akapokewa: "Yakhe, punguza! Utatuulia Bi Raya!" Mwengine akamuuliza harusi ya mke wa pili lini. Akarudi nyumbani, hakula.

Jana akaja dada yake, wifi yangu Bi Saada, kutoka Chokocho. Hata buibui hakuvua.

"Wifi, umemvua nguo ndugu yangu."

"Nimesema nina presha, wifi. Faki sikumtaja."

"Ndiyo vibaya! Ungemtaja kwa wema. Sasa watu wanajijazia wenyewe."

Akanipa sharti. Kesho Jumapili asubuhi kuna kisomo cha dua cha ukoo wao. Kabla ya hapo nitume sauti nyingine, niseme ile ya kwanza ilikuwa mfano wa kufundishia tu, miye mzima wa afya. La sivyo, nisitie mguu kwao. Faki alikuwepo, anatazama vidole vyake vya miguu. Hakusema nitume, hakusema nisitume.

Hicho ndicho kilichoniuma.

Nakiri jengine. Leo asubuhi niliirekodi. "Assalamu alaikum akina mama, ile ya kwanza ilikuwa mfano..." Nikaisikiliza. Uongo mtamu, wallahi, na sauti yenyewe laini. Kidole kikawa kimeshafika kwenye kitufe.

Ujumbe ukaingia. Bi Mize wa Ole, mkulima, tumeonana mara moja tu. Alikwenda kupimwa baada ya kunisikia, na nesi alirudia kipimo mara tatu kwa kutoamini alichokiona. Dawa kaanza wiki iliyopita. Kaandika: "Bi Raya, jana nimesahau kidonge. Leo nimeze viwili? Weye hufanyaje?"

Weye hufanyaje.

Hakuuliza video inasemaje. Nikamjibu kama nesi alivyonifundisha: usizidishe, meza cha leo kwa wakati wake, na umwambie nesi. Kisha nikautazama ule uongo wangu. Ukimfikia huyu, atasema kumbe hata mwenyewe hamezi, na vidonge vyake vitalala juu ya kabati mpaka siku ya kumbeba.

Nikaufuta.

Nikarekodi nyingine, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya shamba. Nikasema: mimi ni Raya yule yule, na presha ni ile ile. Mume wangu hajanitia presha. Kasoro anazo. Anakoroma, na ukimtuma sokoni pesa umezimwaga. Lakini hii si yake. Mama yangu alikuwa nayo, na papa mkavu nimemla tangu sina meno. Hata mke anayependwa hupata presha. Kapimweni, na hao wanaocheka barazani nao wakapimwe.

Nikaituma kwa akina mama. Kisha nikaituma kwenye grupu la ukoo wa wakwe.

Faki kaisikia huko huko barazani. Karudi magharibi, kasimama mlangoni.

"Umewambia watu nakoroma."

"Uongo?"

"Afadhali wangebaki na ile presha."

Lakini kakaa. Kala muhogo wangu usio na chumvi, uso kama anatafuna karatasi, na sahani kaimaliza. Bi Saada ameisikiliza, naona alama zimegeuka buluu.

Kesho nakwenda Chokocho. Nimekatazwa, na nakwenda. Nitakaa katikati ya mawifi, na chai ikishamiminwa nitatoa kidonge changu mkobani nikimeze mbele yao wote. Anayetaka kuniuliza mume kanifanya nini, asubiri nimeze kwanza.